Siku 14 za Kuamua Uwanja wa Shule

Ukifungua kurasa za matangazo madogo madogo katika magazeti ya Kenya, hukosi kukuta ilani ya mtu anayetaka kubadilisha matumizi ya ardhi. Ilani yenyewe ni mistari michache ya Kiingereza: namba ya kiwanja, jina la barabara, matumizi ya sasa, matumizi yanayoombwa, kisha ombi kwamba mwenye pingamizi aandikie ofisi ya mipango ya kaunti, kwa kawaida katika muda wa siku 14. Mara nyingi ni mwenye nyumba anayetaka kubomoa ajenge gorofa, na hilo halimkoseshi mtu usingizi. Lakini kiwanja kikiwa sehemu ya ardhi ya shule ya umma, kile kipande cha nyuma ya madarasa kinachosemekana kuwa hakitumiki, mistari hiyo michache huwa imebeba mzigo mkubwa. Namba ya kiwanja haimwambii lolote mama mboga wa langoni, ambaye mahali hapo anapajua kwa jina moja tu: uwanjani. Sisemi kwamba ardhi ya shule isiguswe abadani. Ninachosema ni kwamba wananchi huulizwa swali la pili kabla ya la kwanza. Huulizwa kama wanataka maduka, nyumba za kukodisha au zahanati, ilhali hakuna aliyekaa nao kuuliza kama kweli shule haina haja na ardhi hiyo.

Swali hilo la kwanza ni gumu kuliko linavyoonekana. Ardhi ya shule hupimwa kwa vizazi, ilhali ripoti ya kusema haitumiki huandikwa kwa kutazama hali ya mwaka mmoja. Chukua mwaka 2002. Mtu aliyezunguka shule nyingi za msingi nchini mwaka huo angeweza kuona madarasa yenye nafasi na viwanja vilivyomea nyasi, akaandika bila kusema uongo kwamba ardhi imezidi mahitaji. Januari 2003 serikali ya Mwai Kibaki ikaondoa karo katika shule za msingi za umma, na idadi ya wanafunzi ikaruka kutoka takriban milioni 5.9 hadi milioni 7.2 katika mwaka mmoja. Miaka 20 baadaye mambo yakajirudia kwa njia nyingine. Wanafunzi wa kwanza wa mtaala wa umilisi walipofika Gredi ya 7 mwanzoni mwa 2023, serikali ilikuwa imekwisha amua kwamba sekondari msingi ikae katika shule za msingi zilizopo. Ghafla shule iliyojengewa watoto wadogo ikatakiwa kuwa na maabara, vyoo zaidi na madarasa ya vijana wanaobalehe. Hakuna afisa wa mipango aliyeketi mwaka 1998 ambaye angeyaona mabadiliko hayo mawili, na simlaumu. Ila shule iliyokuwa na kipande cha ziada ilipata pa kujenga. Iliyokwisha kukatiwa chake ilibaki kubanana.

Jambo la pili linalosahaulika ni kwamba mkono uleule unaotia sahihi ya kupunguza ardhi ya shule ndio unaoruhusu mtaa kujaa watu. Umoja, mashariki mwa Nairobi, ulijengwa kuanzia miaka ya 1970 kwa msaada wa Marekani, ukiwa mtaa wa nyumba za chini. Leo nyumba nyingi za asili zimemezwa na magorofa. Kilimani nako, bangalo zenye bustani zimegeuzwa kuwa majengo ya familia kwa makumi. Jiji lilikuwa na watu wapatao milioni 2.1 katika sensa ya 1999; ile ya 2019 ilihesabu watu 4,397,073. Kila ombi la gorofa hushughulikiwa kivyake, na ombi la kukata uwanja wa shule hushughulikiwa kivyake, kana kwamba watoto wa yale magorofa watasomea mji mwingine. Kikao cha maoni kinachostahili jina hilo kingeweka karatasi hizo mbili mezani pamoja: majengo yaliyoidhinishwa katika wadi ndani ya miaka kumi, na nafasi zilizobaki katika shule zake. Si kazi ya utafiti mkubwa. Takwimu ziko katika ofisi za kaunti na za elimu, zinangoja tu mtu wa kuziunganisha.

Hata neno lenyewe la kutotumika huwa linamtazama mwanafunzi peke yake. Uwanja huohuo ndipo wapiga kura hupanga foleni siku ya uchaguzi, ndipo chanjo hutolewa, ndipo timu ya mtaa hucheza jioni, na Jumapili pengine kanisa changa hukodi darasa. Watu hawa hawamo katika rejista ya shule, kwa hiyo hawahesabiwi.

Je, sheria inasemaje? Kwenye karatasi, Kenya haina upungufu. Kifungu cha 10 cha Katiba ya 2010 kinautaja ushiriki wa wananchi kuwa mojawapo ya maadili ya kitaifa. Kifungu cha 62 kinasema ardhi ya umma haiwezi kutolewa wala kutumiwa ila kwa mujibu wa sheria ya Bunge inayoeleza masharti yake. Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya 2019 inamtaka mwombaji autangazie umma anachokusudia kufanya. Na mwaka huohuo wa 2019, katika kesi ya kampuni ya sigara ya BAT dhidi ya Wizara ya Afya, Mahakama ya Juu ilieleza ushirikishwaji wa kweli unavyotakiwa kuwa: jambo linalojadiliwa liwe wazi, utaratibu uwe mwepesi kufuatwa, watu waelimishwe kwanza, na nia iwe ya dhati, si kutimiza ada. Nawaomba wasomaji waichukue orodha hiyo waiweke kando ya ile ilani ya gazetini. Jambo haliko wazi kwa asiyejua namba za viwanja, na hakuna aliyeelimishwa. Kiswahili ni lugha ya taifa na pia lugha rasmi kwa Kifungu cha 7, lakini ilani haina hata sentensi moja ya lugha hiyo. Ubao wa ilani ukiwekwa kwenye eneo lenyewe huwa afadhali, ikiwa umeelekezwa njia wanayopita watu.

Wapo watakaosema kwamba ardhi ikiachwa bure itanyakuliwa, basi heri ibadilishwe matumizi kwa utaratibu kuliko kuwangojea mabwanyenye. Hoja hii ina mizizi katika uchungu wa kweli; Tume ya Ndung'u iliyotoa ripoti yake mwaka 2004 ilionyesha jinsi ardhi ya umma, ya shule ikiwemo, ilivyogawiwa kinyume cha sheria. Lakini tazama Shule ya Msingi ya Lang'ata Road. Uwanja wake haukuwa pori. Ulikuwa ukichezewa na watoto, na bado ulizungushiwa ukuta. Tarehe 19 Januari 2015, wanafunzi na wanaharakati walipousukuma ukuta huo, polisi waliwarushia watoto vitoa machozi, na picha zake zikazunguka dunia. Kilichoiponza shule si kuwa na ardhi isiyotumika. Ni kukosa hatimiliki, na ndiyo sababu baada ya mkasa huo serikali iliagiza shule za umma zipewe hati. Upimaji, hati na ua ndiyo dawa ya unyakuzi. Kuiondoa ardhi mikononi mwa shule ili isinyakuliwe ni kumsaidia mnyakuzi kazi.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: kwamba vikao vya wananchi hutekwa na wenye sauti kubwa, ambao pengine hawataki nyumba za watu wa kipato cha chini karibu nao, na hujificha nyuma ya watoto wa shule. Hutokea, tena si mara moja. Ndiyo maana kikao cha maoni hakipaswi kuwa kura ya mikono. Katika kesi ya BAT mahakama iliridhika kwamba wizara ilikuwa imewasikiliza wahusika vya kutosha, na kampuni ikashindwa ingawa ilipinga. Kusikilizwa si sawa na kukubaliwa. Kinachodaiwa ni kwamba kila hoja ijibiwe kwa maandishi, ili anayesema watoto watakosa uwanja aonyeshwe hesabu, na anayewachukia wapangaji aonekane hana hesabu yoyote.

Na wanaolalamika kwamba haya yote huchelewesha maendeleo wangefaa kuutazama mkasa wa Nyali, Mombasa. Ardhi iliyokuwa eneo wazi la umma karibu na ufuko iligawiwa Rais Daniel arap Moi mwaka 1989, ikauzwa, ikaishia kwa kampuni ya Dina Management. Mwaka 2017 kaunti ilibomoa ukuta wake, na Aprili 2023 Mahakama ya Juu ikaamua kwamba hati inayotokana na ugawaji usiofuata sheria hailindwi, hata mnunuzi wa mwisho akidai alinunua kwa nia njema. Ni miaka 34 tangu ugawaji hadi hukumu. Mstawishaji mwenye akili anapaswa kuwa wa kwanza kudai kikao kilichofanywa sawasawa, kwa kuwa kwake yeye ni bima.

Shule zilizobaki na wanafunzi wachache zipo, hasa pale wazazi walipowahamishia watoto shule za kibinafsi, na si haki kuzikataza kupata chochote kutokana na ardhi yake. Kwa hizo, kukodisha kwa miaka michache, hati ikibaki ya shule na mkataba ukiwa wazi kwa wazazi, kunaingiza fedha bila kufunga mlango. Upangaji wa miaka 50 au 99 ni mauzo yaliyovaa kanzu ya kodi. Kwa mkazi anayeona ilani leo, njia ni hii: aandike pingamizi, aombe nakala yenye muhuri wa kupokelewa, na aitake bodi ya shule imwonyeshe ramani na kumbukumbu za kikao kilichoamua ardhi imezidi. Kaunti ikiidhinisha ombi, ana siku 14 tangu uamuzi kukata rufaa kwa kamati ya uratibu ya mipango ya kaunti, na baada ya hapo Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Hesabu ya siku huanza uamuzi unapotolewa, si siku jirani anapousikia, kwa hiyo katika barua hiyo ya kwanza aandike pia kwamba anataka kujulishwa uamuzi, na aache anwani yake.