Paka wa Ghalani Anasema Nini?

 

Leo tumwache kidogo ng'ombe na kuku, tumzungumzie mfanyakazi mmoja asiyedai mshahara: paka. Wahenga walisema, paka akiondoka panya hutawala. Wewe uliyewahi kufungua gunia la mahindi ukakuta chenga na mavi ya panya, maana yake unaijua. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017, uliofanywa vijijini Swaziland, nchi ambayo siku hizi inaitwa Eswatini, ulionyesha kuwa panya hupunguza kuzurura na kula penye paka na mbwa pamoja.

Lakini wengi wetu tunaishi na paka miaka nenda miaka rudi bila kumwelewa. Mtoto anakwaruzwa, paka anapigwa fimbo, kesho yake kahama. Kumbe paka alikwisha kuonya, ila hakuna aliyemsoma.

Tuanze na macho. Juani mboni ya paka huwa nyembamba kama mstari uliosimama. Gizani hupanuka ili aone vizuri. Hiyo ni kazi ya mwanga tu. Lakini ukiona mboni zimekuwa duara jeusi na hali kuna mwanga wa kutosha, ujue amesisimka: ama anaogopa, ama anavizia, ama anacheza. Hapo usiamue kwa macho peke yake, tazama na masikio.

Masikio yakisimama na kuelekea mbele, paka anasikiliza jambo. Huenda kuna panya nyuma ya magunia. Mwache afanye kazi yake. Masikio yakilala ubavuni au nyuma, huku mboni zimepanuka, ni hofu. Akiongeza kukunja mgongo, kusimamisha manyoya na kutoa mlio kama wa nyoka, anasema: "Usinisogelee!" Mpe nafasi ya kupita. Paka aliyebanwa kwenye kona hana njia ila makucha na meno.

Sasa mkia. Hapa ndipo aliyezoea mbwa hukosea. Mbwa akitikisa mkia mara nyingi amefurahi. Paka akiupigapiga mkia huku na huku amekasirika. Ukiwa unampapasa na mkia ukaanza kuchapa, ondoa mkono. Lakini akikujia mkia umesimama wima, hiyo ni salamu. Na wewe mama unayempikia uji mtoto, mwambie pia: paka akilala chali si kwamba anaomba kushikwa tumbo. Wengi hawapendi, na mtoto ndiye hukwaruzwa.

Je, wewe utamjibuje? Usimkazie macho, maana kwa paka huo ni ugomvi. Fumba macho nusu, yafumbue polepole. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Sussex, Uingereza, walieleza kwamba paka hujibu kupepesa kwa namna hiyo, tena humsogelea kwa urahisi zaidi mtu anayefanya hivyo. Jaribu jioni ukiwa umekaa kibarazani.

Basi, ndugu mkulima, kwa nini tunajisumbua na haya yote? Ni kwa sababu paka mzima huonya kabla ya kuuma. Ukiijua lugha yake ya kila siku, utagundua upesi siku itakapobadilika. Ukiona utando mweupe umefunika sehemu ya jicho na haurudi, au mboni moja kubwa na nyingine ndogo, huyo ni mgonjwa. Kama ulitega sumu ya panya, kumbuka paka akila panya aliyekula sumu naye hudhurika. Mwite bwana mifugo.

La hatari zaidi ni kichaa cha mbwa. Jina ni la mbwa, lakini paka naye huugua na huambukiza kwa mate. Paka mpole anashambulia ghafla bila onyo. Au anajificha gizani, sauti imebadilika, mate yanamtoka, miguu ya nyuma inalegea. Usimshike. Ondoa watoto, mfungie ndani ukiweza bila kumgusa, kisha toa taarifa kwa bwana mifugo.

Akikuuma au kukukwaruza fanya hivi:

Kwanza, osha jeraha papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15. Usipake majivu wala pilipili.

Pili, nenda hospitali siku hiyo hiyo ukaulizie chanjo. Usingoje kuona kama paka atakufa. Dalili zikishaanza kwa binadamu, ugonjwa huu karibu kila mara huua.

Tatu, maliza sindano zote utakazopangiwa, hata kama kidonda kimepona.

Na kinga ni bora kuliko tiba. Siku ya kuchanja mbwa kijijini, mtie paka wako kwenye kikapu chenye kifuniko, umpeleke naye.

Leo jioni ukifunga ghala, msimamie paka wako dakika chache. Tazama mkia, masikio na macho. Jua alivyo akiwa mzima, ili akiugua usidanganyike.

Hadi kipindi kijacho, kazi njema.