Orodha ya Kozi za Sekondari na Haki ya Mwanafunzi wa California

Katika jimbo la California nchini Marekani, mwanafunzi wa sekondari anayeomba nafasi katika Chuo Kikuu cha California, ambacho kina kampasi 9 zinazotoa shahada ya kwanza, au katika Chuo Kikuu cha Jimbo la California, ambacho ni mfumo mwingine wa umma wenye kampasi zaidi ya 20, huangaliwa kozi alizosoma sambamba na alama alizopata. Kozi hizo huhesabiwa tu ikiwa zimo katika orodha ambayo shule yake imeiwasilisha na Chuo Kikuu cha California kimeiidhinisha. Orodha hiyo hushughulikiwa na watu wachache ofisini na wazazi wengi hawajawahi kuiona, ilhali ndiyo inayoamua kama juhudi za miaka minne zitatambuliwa. Kwa hiyo kuihuisha kila mwaka ni deni ambalo shule inadaiwa na wanafunzi wake.

Msomaji wa Tanzania au Kenya amezoea mfumo ambamo mtaala hutungwa kwa ajili ya nchi nzima na mtihani wa mwisho huendeshwa na baraza la mitihani la taifa, hivi kwamba fizikia iliyosomwa Songea na fizikia iliyosomwa Tanga hupimwa kwa maswali yale yale. Marekani haina mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari wa namna hiyo, na shule za California zina uhuru mkubwa wa kubuni kozi, kuzipa majina na kuamua undani wake. Zaidi ya hayo, tangu mwaka 2021 Chuo Kikuu cha California hakitumii tena matokeo ya mitihani ya SAT na ACT katika kuchagua wanafunzi, jambo lililoongeza uzito wa kozi zilizosomwa shuleni, na pamoja nazo uzito wa orodha inayozithibitisha.

Masharti yenyewe hujulikana kwa herufi A hadi G, kila herufi ikiwakilisha kundi la masomo. Kundi A ni historia na sayansi ya jamii kwa miaka 2; B ni Kiingereza kwa miaka 4; C ni hisabati kwa miaka 3, ingawa 4 hupendekezwa; D ni sayansi kwa miaka 2, ingawa 3 hupendekezwa; E ni lugha isiyo Kiingereza kwa miaka 2, ingawa 3 hupendekezwa; F ni sanaa za maonyesho na za uoni kwa mwaka 1; na G ni kozi ya kuchagua ya kumwandaa mwanafunzi kwa chuo, pia kwa mwaka 1. Jumla ni kozi 15 za mwaka mzima, ambazo kila moja mwanafunzi yapasa aifaulu kwa alama C au zaidi, na Chuo Kikuu cha California hutaka kozi 11 kati ya hizo ziwe zimekamilika kabla ya mwaka wa mwisho wa sekondari.

Vigezo vya kila kundi huwekwa na wahadhiri wenyewe kupitia kamati ya seneti ya chuo inayoshughulikia udahili na uhusiano na shule, kisha wataalamu wa chuo husoma maelezo ya kila kozi mpya na kuyapima kwa vigezo hivyo. Shule hueleza mada zitakazofundishwa, kazi ambazo wanafunzi watafanya na vitabu au nyenzo zitakazotumika, na huwasilisha maelezo hayo kwa njia ya intaneti katika kipindi ambacho kwa kawaida huanza Februari 1 na kufungwa Septemba 15. Kozi isiyotimiza vigezo hurudishwa pamoja na maoni ili irekebishwe, na shule isiyotaka kuandika kozi upya yaweza kuchukua mfano uliokwisha kuidhinishwa kwa shule nyingine.

Orodha huchakaa kwa sababu ambazo kila mwalimu anazifahamu. Idara ya sayansi hubadilisha jina la kozi ili lilingane na mtaala mpya, mwalimu aliyebuni kozi ya fasihi huhama na mrithi wake akaifundisha kwa namna nyingine, kozi ya muhula mmoja hurefushwa ikawa ya mwaka mzima, au karani hufupisha jina katika hati ya matokeo, yaani kumbukumbu rasmi ya kozi na alama za mwanafunzi, kwa namna isiyofanana na jina lililo katika orodha. Mwombaji anapojaza fomu za udahili, huonyeshwa kozi za shule yake zilizoidhinishwa ili achague alizosoma. Asipoikuta kozi yake, hujikuta na pengo ambalo hakulisababisha. Baadaye, chuo kinapopokea hati kamili ya matokeo ya mwanafunzi aliyekubaliwa, kila tofauti kati ya kilichoandikwa katika fomu na kilichomo katika hati yaweza kuibua swali kuhusu nafasi yake.

Hasara haiishii katika kuhesabiwa au kutohesabiwa kwa kozi. Mkazi wa California hutakiwa kuwa na wastani wa alama usiopungua 3.0 ili astahili kufikiriwa na Chuo Kikuu cha California, na kozi za kiwango cha juu zilizoidhinishwa, zikiwemo zile za Advanced Placement na za International Baccalaureate, huongezewa pointi moja katika hesabu hiyo hadi ukomo uliowekwa. Shule inapobuni kozi ya kiwango cha juu na kusahau kuiombea hadhi hiyo, mwanafunzi hubeba ugumu wote wa kozi bila kupata pointi aliyoistahili.

Masharti nayo hubadilika, na mfano ulio wazi unatoka katika hisabati. Kwa muda fulani baadhi ya kozi za utangulizi wa sayansi ya data, yaani ufundishaji wa namna ya kukusanya na kuchambua takwimu kwa kompyuta, zilikubaliwa badala ya Aljebra ya Pili. Lakini baada ya wahadhiri wengi kueleza wasiwasi kwamba wanafunzi wangefika chuoni bila msingi wa kutosha wa hesabu, kamati ya udahili iliamua mwaka 2023 kwamba kozi hizo haziwezi kushika nafasi hiyo. Shule iliyoendelea kuwashauri wanafunzi kwa kanuni za zamani iliwaweka katika hatari ya kuchagua njia isiyowafikisha walikokusudia.

Wanaoumia zaidi ni wale ambao nyumbani kwao hakuna aliyewahi kupita chuo kikuu, kwa kuwa familia iliyouzoea mfumo huu hugundua kasoro mapema na kudai irekebishwe, ilhali familia ngeni huamini kwamba kozi iliyopangwa na shule bila shaka inatosha. Miongoni mwao wamo wazungumzaji wa Kiswahili kutoka Kongo waliopokelewa kama wakimbizi katika miji kama San Diego, ambao wanapaswa kuelezwa pia kwamba sharti la lugha laweza kutimizwa kwa njia nyingine nje ya kozi za darasani, yakiwemo masomo rasmi yaliyofanywa katika shule inayofundisha kwa lugha isiyo Kiingereza.

Tiba haihitaji fedha nyingi. Yatosha shule imteue mtu anayejulikana wazi kuwa msimamizi wa orodha, na kila mwaka, kabla ya dirisha la kuwasilisha kufungwa, alinganishe ratiba kuu ya masomo, majina yaliyo katika hati za matokeo na orodha iliyoidhinishwa, akishirikiana na wakuu wa idara na washauri wa wanafunzi. Kwa kuwa kozi huhesabiwa kwa kufuata mwaka iliposomwa, kumbukumbu ya kozi zilizoachwa yapasa itunzwe kwa ajili ya wanafunzi waliozisoma wakiwa darasa la 9 au la 10. Wazazi nao wanaweza kuisoma orodha ya shule yoyote katika intaneti, maana iko wazi kwa umma, na kuuliza mapema pale kozi ya mtoto wao isipoonekana.

Mwanafunzi anaweza kurekebisha uzembe wake kwa kusoma kwa bidii zaidi muhula unaofuata, lakini hana uwezo wa kuirekebisha orodha ya shule yake, kwa kuwa mamlaka hayo wanayo watu wazima waliokabidhiwa elimu yake. Kwa sababu hiyo ubora wa shule yapasa upimwe pia kwa usahihi wa orodha yake, na mwalimu mkuu anayeuliza kila mwaka kama orodha imehuishwa anatetea haki ya mtoto kama anavyoitetea anapodai walimu na vitabu.