Udi Hauondoi Wajibu wa Muuzaji: Paka, Mchanga Wake na Nyumba Inayouzwa

  

Ndugu Waislamu, huenda baadhi yenu mkaliona dogo mno kwa ukurasa wa Ijumaa jambo tunalolizungumzia leo, nalo ni beseni la mchanga la paka ndani ya nyumba inayouzwa. Tumeletewa suala hili hapa Tabora na familia mbili, moja iliyouza na moja iliyonunua, na wanaume wa familia hizo husali katika safu moja. Kwa idhini yao tunalieleza bila ya kuwataja, ili na wengine wanufaike.

Nyumba yenyewe ilikuwa ya urithi, yenye kuta za matofali ya udongo. Marehemu mama wa warithi alifuga paka wawili, na beseni lao lilikaa miaka mingi katika pembe ya chumba cha nyuma. Nyumba iliuzwa mwezi wa Julai, katikati ya kiangazi. Siku ya mnunuzi kuja kuitazama, chumba kilifagiliwa, mkeka mpya ukatandikwa, na chetezo cha udi kikawekwa mlangoni. Mnunuzi akaingia, akapendezwa, akalipa. Zilipoanguka mvua za kwanza mwezi wa Novemba, unyevu uliuamsha mkojo uliokauka ndani ya sakafu na kuta, na harufu ikapanda. Chumba kile mnunuzi alikuwa amempa mama yake mzee, ambaye tangu siku hiyo alikuwa akilia na kuuliza: je, sala zake za miezi minne zimekubalika?

Hukumu ya paka na uchafu wake

Tuanze na swali la mama huyu. Paka mwenyewe si najisi. Imepokewa katika Muwatta ya Imam Malik, na kwa Abu Daud na Tirmidhi, kwamba Swahaba Abu Qatada (R.A.) aliinamisha chombo cha maji ya kutawadha ili paka anywe. Mkwewe, Kabsha, alipostaajabu, Abu Qatada akamfahamisha kwamba Mtume (S.A.W.) amesema paka si najisi, bali ni katika wale wanaotuzunguka majumbani mwetu.

Lakini mkojo na kinyesi chake ni najisi katika madhehebu yetu ya Shafi. Njia ya kutoharisha ardhi inajulikana kutokana na kisa cha bedui aliyekojoa msikitini, ambapo Mtume (S.A.W.) aliamrisha pamwagwe ndoo ya maji. Huondolewa kwanza uchafu wenyewe, kisha humwagwa maji mahali pake. Ikiwa baada ya juhudi hiyo imebaki harufu peke yake, nayo ni nzito kuondoka, wanachuoni wetu wamesema inasamehewa. Ama mwenye kusali juu ya mkeka safi uliotandikwa juu ya mahali penye najisi, sala yake inasihi. Kwa hiyo tulimwambia mama yetu huyu atulie, kwani sala zake ni sahihi na hana la kulipa.

Msamaha wa tohara si msamaha wa biashara

Kijana mmoja wa upande wa wauzaji alifurahi kusikia hivyo, akasema: "Basi sheikh, kama harufu inasamehewa, sisi tuna kosa gani?" Kosa hili ndilo lililotufanya tuandike. Msamaha wa tohara ni rehema ya Mwenyezi Mungu (S.W.) katika haki Yake. Ama haki ya mnunuzi ni haki ya mja, na haisamehewi ila na mwenyewe.

Bukhari na Muslim wamepokea kwa Hakim bin Hizam (R.A.) kwamba muuzaji na mnunuzi wakisema kweli na kubainisha, hubarikiwa katika biashara yao, na wakificha na kusema uongo, baraka hufutwa. Muslim amepokea kisa cha Mtume (S.A.W.) alipotia mkono katika rundo la chakula sokoni, vidole vyake vikakuta umaji chini. Muuzaji akajitetea kwamba ni mvua. Mtume (S.A.W.) akamuuliza kwa nini hakuuweka juu watu wauone, kisha akatamka kwamba mwenye kughushi si katika sisi.

Tazameni, ndugu zangu, jinsi kisa hicho kinavyofanana na hiki chetu. Pale umaji ulikuwa chini ya nafaka kavu, na hapa mkojo ulikuwa chini ya mkeka mpya.

Na udi je? Kufukiza udi kwa ajili ya mgeni ni ada njema. Lakini udi uliowashwa ili pua ya mnunuzi isijue iliyopaswa kujua ni hadaa. Mtume (S.A.W.) amekataza kumfunga mnyama chuchu ili maziwa yajae na mnunuzi adhani ndiyo kawaida yake. Kila kinachoipamba bidhaa ili kuificha kasoro yake kinaingia katika maana hiyo.

Wengine hujikinga kwa kuandika katika mkataba kwamba nyumba imeuzwa "kama ilivyo". Katika madhehebu ya Shafi, sharti la kujivua na kasoro halimfai muuzaji ila kwa kasoro iliyofichikana ya mnyama ambayo yeye mwenyewe hakuijua. Nyumba si mnyama, na warithi walikuwa wakijua.

Mji wetu unapaswa kulielewa jambo hili kuliko miji mingi. Msafara wa Burton mwaka 1857 ulitumia zaidi ya miezi minne kutoka pwani hadi Kazeh, ndiyo Tabora ya leo. Aliyenunua kitu hapa akakigundua kibovu huko Ujiji hakuwa na njia nyepesi ya kurudi kudai. Hatusemi njia ile ilikuwa ya haki. Ilipitisha pembe za ndovu pamoja na binadamu waliotekwa, na hiyo ni dhulma isiyosahaulika. Tunasema tu kwamba pale mnunuzi asipoweza kuona wala kurudi, amana yote huwa juu ya ulimi wa muuzaji. Anayenunua wakati wa kiangazi nyumba itakayosema kweli wakati wa masika yuko katika hali hiyo hiyo.

La kufanya kabla ya kuuza

Kwanza, kinyesi kiondolewe kila siku, na mchanga au maranda ya mbao yabadilishwe mara kwa mara. Mama mjamzito asifanye kazi hiyo, kwani kinyesi cha paka huweza kubeba kijidudu chenye kumdhuru mtoto tumboni, nacho huanza kuambukiza baada ya siku moja au zaidi. Asipopatikana mwingine, avae glavu na anawe kwa sabuni.

Pili, pembe la beseni lioshwe kwa maji na sabuni, kisha kwa siki. Dawa ya klorini isimwagwe juu ya mkojo, kwani hutoa hewa yenye sumu. Udongo uliolowa kwa miaka hausafishiki kwa kuoshwa juu juu, bali huchimbuliwa na kuwekwa mwingine.

Tatu, mnunuzi aambiwe kwa ulimi na aonyeshwe mahali penyewe, bila ya udi. Bei ikishuka, basi imeshuka kwa halali.

Nne, paka asiachwe nyuma. Bukhari na Muslim wamepokea habari za mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka aliyemfungia bila ya kumlisha wala kumwacha ajitafutie. Ahamishwe pamoja na beseni lake na kiasi cha mchanga aliouzoea, na awekwe ndani kwa wiki kadhaa hadi ajue makazi mapya.

Ama familia zile mbili, tuliwaeleza kwamba mnunuzi ana haki ya kurudisha nyumba na kupewa fedha zake, mradi asichelewe baada ya kujua. Yeye alichagua kubaki. Warithi nao, kwa hiari yao, wakachimbua sakafu na kupiga lipu upya kwa gharama yao, wakaenda kumwomba radhi mama yule. Akawaambia amewasamehe, na akawaombea dua marehemu mama yao.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu (S.W.) atupe ulimi mkweli sokoni kama anavyotupa ulimi wenye kumtaja msikitini. Wabillahi tawfiq.