Pikipiki za umeme (2): Sikio la Maili Moja na sikio la Maneromango

Katika makala ya kwanza tuliangalia betri: gharama yake, chaji yake na uzito wake. Leo tugeukie ukimya. Muuzaji wa pikipiki za umeme huutaja kama sifa, na dereva aliyeshinda kutwa juu ya injini ya petroli anamwelewa mara moja. Mama anayevuka barabara na mtoto mgongoni yeye hujiuliza swali jingine: hiki chombo kimefika hapa saa ngapi?

Pikipiki ya petroli ina vyanzo vitatu vya kelele. Kuna milipuko ya ndani ya silinda inayosikika kupitia ekzosi, kuna vyuma vya injini na gia vinavyosuguana, halafu kuna matairi. Ya umeme imebakiwa na matairi, cheni, na mluzi mwembamba wa mota na kontrola. Zile ambazo mota imefungwa ndani ya ringi ya nyuma hazina hata cheni. Gari likishavuka kilomita 20 au 30 kwa saa, kelele ya matairi na upepo huizidi ya injini, ndiyo maana gari la umeme likiwa mwendoni halitofautiani sana na mengine kwa sauti. Pikipiki hainufaiki hivyo. Tairi lake ni jembamba, uzito wake mdogo, na ikiingia njia ya mchanga hata hicho kidogo humezwa.

Mluzi wa kontrola nao haumfikii kila mtu. Sauti nyembamba sana ndizo za kwanza kupotea sikio linapozeeka, kwa hiyo mjukuu anaweza kugeuka wakati bibi aliyemshika mkono hajasikia kitu.

Hapa ndipo Kibaha na Kisarawe zinapoachana, ingawa zote ni Mkoa wa Pwani na kutoka moja kwenda nyingine si safari ndefu.

Simama Maili Moja, Kibaha, kando ya Barabara ya Morogoro, saa ambayo malori ya Zambia na Kongo yanapishana na mabasi ya mikoani. Lori moja zito likipita mita chache kutoka ulipo, desibeli hufika 80 na kuendelea. Katika zogo hilo hata pikipiki ya petroli huisikii mpaka iwe imeshakufikia. Anayevuka kwenda upande wa pili hategemei sikio. Anategemea macho, na macho yake yamezibwa na daladala iliyosimama kushusha abiria. Bodaboda inayopenya kushoto kwa daladala hiyo ni hatari ileile, iwe ya petroli au ya umeme. Atakayekuambia kuwa ukimya wa umeme ndio utakaoijaza Hospitali ya Tumbi, inayopokea majeruhi wa barabara hii miaka yote, hajasimama pale kituoni akasikiliza.

Sasa shuka Kisarawe, upite mjini, ushike njia ya Maneromango hadi uingie vijia vya mashamba ya mikorosho na mihogo. Huko watu hutembea katikati ya njia kwa sababu pembeni hakuna pa kutembea. Jioni giza likishatanda, mtu anajua bodaboda inakuja kabla hajaona taa. Anasikia muungurumo kwa mbali, anahamia kando bila kukatisha mazungumzo. Sikio linafanya kazi ya kioo cha pembeni. Ondoa muungurumo, na kazi hiyo haifanywi na yeyote.

Nchi zilizotangulia kwenye magari ya umeme zilishaliona tatizo hili. Kanuni Namba 138 ya Umoja wa Mataifa, iliyoanza kutumika Oktoba 2016, inalitaka gari la aina hiyo litoe sauti ya bandia likiwa halizidi kilomita 20 kwa saa: si chini ya desibeli 50 likienda kilomita 10, na 56 likienda kilomita 20, kipimo kikichukuliwa mita 2 kutoka gari linapopita. Sehemu ya sauti hiyo lazima iwe nzito kiasi, ya hezi 1,600 au pungufu, ili wazee nao waipate. Tena ipande kadiri mwendo unavyopanda, msikilizaji atambue kama chombo kinaongeza kasi au kinapunguza. Umoja wa Ulaya umelazimisha kifaa cha kutoa sauti hiyo kwenye magari yote mapya ya umeme tangu Julai 2021.

Tupige hesabu. Sauti inayotoka sehemu moja hupungua desibeli 6 kila umbali unapoongezeka mara mbili. Desibeli 56 kwenye mita 2 zinabaki 50 kwenye mita 4, 44 kwenye mita 8, na 38 kwenye mita 16. Kijijini usiku umetulia, 38 zinasikika bila shida. Chombo chenye mwendo wa kilomita 20 kwa saa kinakula mita 16 kwa sekunde karibu 3, muda wa kutosha kumvuta mtoto na kujiweka kando. Chukua sauti hiyohiyo uipeleke Maili Moja: 38 chini ya 80 ni sawa na bure. Ukiiongeza mpaka ishindane na malori, utakuwa umezidisha zogo, na ukija nayo Maneromango utaamsha kijiji kizima.

Kwa hiyo kiwango kimoja cha sauti hakitatufaa. Kinachohitajika ni kifaa kinachopima kelele ya mahali kilipo na kupandisha au kushusha sauti yake, na teknolojia hiyo ipo.

Jambo la kushangaza ni kwamba kanuni hiyo ya Umoja wa Mataifa inahusu magari ya magurudumu manne na kuendelea. Pikipiki hazimo. Marekani waliziweka kwenye rasimu yao ya 2013, kisha wakaziondoa kwenye kanuni ya mwisho ya 2016. Kwao pikipiki ni chombo cha wachache. Kwetu ndicho kinachompeleka mjamzito zahanati usiku wa manane. Tukinakili sheria zao kama zilivyo, tutakilinda kijia cha Kisarawe dhidi ya magari yasiyofika huko.

Wapo watakaosema honi inatosha. Honi hupigwa na dereva aliyekwisha kukuona, ilhali anayegongwa mara nyingi ni yule ambaye hakuonekana. Na wale vijana waliotoboa ekzosi kwa madai kwamba kelele inawaokoa wakumbuke bomba linatazama nyuma, huku mtu wa kugongwa yuko mbele.

Dereva mwenyewe naye amepoteza kitu. Kwenye petroli alijua mwendo wake kwa kusikiliza injini inalia vipi kwenye gia gani. Hakuwa na haja ya kutazama dashibodi, ambayo mara nyingi ilikuwa mbovu hata hivyo. Kwenye umeme hakuna gia wala mlio, na kilomita 60 zinahisiwa kama 40.

Hatari ninayoiogopa kuliko zote iko kijiweni. Abiria ameshuka, dereva amegeuka kutafuta chenji, pikipiki imesimama na imewashwa, lakini haitetemeki wala hailii. Mtoto anashika mkono wa mafuta (jina hilo limeng'ang'ania ingawa mafuta hayapo) na kuuzungusha. Mota ya umeme hutoa nguvu yake tangu mzunguko wa kwanza, haisubiri kuchanganya. Chombo kinaruka. Dawa yake ni swichi inayokata umeme stendi ikishushwa. Mnunuzi aikague kabla ya kulipa: ashushe stendi, azungushe mkono, aone kama gurudumu linatulia.

Treni ya umeme ilipoanza safari za Dar es Salaam hadi Morogoro Juni 2024, ikipita Pugu na Soga, haikuja na muungurumo wa dizeli. Lakini reli yake ilizungushiwa uzio na kuwekewa vivuko. Kijia cha Kisarawe hakina uzio, na hakitapata.

Wakati wa kuandika masharti ni sasa, pikipiki hizi zikiwa bado chache kwetu. Rwanda tayari imeacha kusajili pikipiki mpya za petroli za kubeba abiria Kigali, tangu mwanzoni mwa 2025, na upepo huo utatufikia. TBS wa viwango na LATRA wa usafiri wa ardhini wakikaa kuandika, wawaite Chama cha Wasioona kabla ya kuwaita wauzaji. Spika ya wati 10 kwenye mota ya wati 3,000 haipunguzi safari kwa kiasi cha kuonekana, basi hoja kwamba spika inamaliza betri isikubaliwe. Ila sauti inyamaze kabisa chombo kikisimama. Kijiwe chenye pikipiki kumi zinazolia kutwa kitamwita fundi, na fundi atakata waya kwa shilingi elfu mbili.

Makala ijayo itahusu breki, hasa kwenye mchanga.