Kuongeza mwendo wa ordinatere kwa mkono: faida gani, hatari gani?

Katika nyumba nyingi za Lubumbashi, Likasi na Kolwezi, ordinatere ya mezani haikununuliwa mpya. Ilitumika kwanza katika biro fulani ya mbali, kiisha ikafika sokoni kwetu, na baba akailipa kwa feza aliyoweka kidogo kidogo mwisho wa kila mwezi. Iko moja tu ndani ya nyumba. Mtoto wa chuo anaandika TFC yake juu yake, mama anapigia watu barua na kupata falanga ya chakula, wadogo wanacheza mangaribi kama kuran iko.

Halafu siku moja kijana anasema mashini hii iko polepole sana, afazali kuiongeza mwendo. Kazi hiyo vijana wanaiita overkloki. Wengine wanaisifu sana, wengine wanasema inaunguza mashini. Sisi tunasema hivi: si uchawi, tena si mchezo. Inawezekana, inaweza kufanywa bila feza nyingi, lakini iko na kipimo chake. Mwendo ulioongezwa una maana tu kama mashini inaweza kuushika saa zote bila kukosa. Tueleze ginsi inavyofanyika, ili kila jamaa ijue mbele ya kugusa kitu.

Mwendo unatoka wapi

Ndani ya ordinatere, prosesere njo inayofanya hesabu zote. Inafanya kazi kwa mapigo, sawa na kundi la watu wanaovuta kamba: mmoja anaita, wote wanavuta pamoja. Akiita mbiombio, kazi inaenda mbiombio, mpaka siku mikono inashindwa kufuata.

Tuchukue mfano mmoja unaojulikana sana, prosesere Core i5-2500K ya Intel, iliyotoka Januari 2011. Karte mere inaipa mapigo ya msingi ya megaherzi 100. Prosesere inazidisha mapigo hayo mara 33, na hapo tunapata megaherzi 3 300, ni kusema gigaherzi 3,3. Hesabu ile ya 33 inaitwa kizidisho. Mtu akiweka 40, prosesere itaenda kwa gigaherzi 4. Yale mapigo ya msingi yenyewe, 100, yaacheni vile yalivyo, sababu kwa mashini ya aina hii yanaongoza pia diski na vitu vingine.

Si kila mashini inakubali

Hapa watu wengi wanapoteza wakati wao. Kwa Intel, tafuteni herufi K mwisho wa jina. Core i5-2500K imefunguliwa, lakini ndugu yake Core i5-2400, ambayo tunaikuta mara nyingi katika mashini zilizotoka bironi, imefungwa. Tena karte mere lazima ikubali: kwa prosesere yetu ya mfano, karte za aina P67, Z68 na Z77 zinakubali, lakini H61 haikubali. Kwa AMD, prosesere za Ryzen zilizoanza kutoka mwaka 2017 zimefunguliwa karibu zote, lakini karte ya aina A320 inazifunga, na B350 au B450 inazifungua.

Programu moja ya bure, CPU-Z, inaonyesha majina haya yote kwenye ekrani. Kama mashini yenu imefungwa, hapana kumlipa mtu anayewaahidi kwamba ataifungua. Wekeni feza yenu kwa kitu kingine, na hicho tutakitaja mwisho.

Joto njo adui

Mchimbaji aliyeshuka shimoni anajua maana ya hewa. Pakikosa hewa nzuri, hata mtu mwenye nguvu anaanguka. Prosesere ni vilevile.

Juu ya nini? Sababu tukiongeza mwendo sana, prosesere inaomba volti zaidi, na volti njo zinaleta joto. Joto linafuata mwendo, kiisha linafuata volti mara mbili: volti zinazidishwa kwa zenyewe. Tufanye hesabu. Prosesere yetu imepangwa kwa wati 95. Tuseme inakaa kwa volti 1,2. Tukiitoa gigaherzi 3,3 mpaka 4,4, mwendo umeongezeka kwa theluthi moja. Tukiipandisha volti mpaka 1,3, joto litafika karibu wati 149. Angalieni vizuri: mwendo umepanda kwa theluthi, joto limepanda kwa zaidi ya nusu.

Joto hilo linatolewa na shaba, hiyo shaba tunayoijua. Shaba inapitisha joto kuliko aluminiamu, tena kwa mbali. Ndiyo maana radiatere nzuri ya prosesere iko na mirija ya shaba: ndani yake mna maji kidogo yanayogeuka mvuke fasi ya joto, yanapanda, yanapoa, yanarudi. Hata ndani ya prosesere yenyewe, nyuzi zinazopitisha umeme ni za shaba. Mwaka 1997 kampuni ya IBM ilitangaza namna ya kuweka nyuzi za shaba pahali pa aluminiamu, na wengine wakafuata. Kumbe kazi ya mchimbaji haiko mbali na mapigo haya tunayoyahesabu.

Basi, mbele ya kuongeza hata kizidisho kimoja, fungueni sanduku na kuondoa vumbi. Wakati wa kiangazi, kutoka Mei mpaka Septemba, vumbi letu jekundu linafunga ventilatere na radiatere. Ondoeni pia pati kavu iliyo kati ya prosesere na radiatere, wekeni mpya, kiasi cha punje ya njegere. Mashini nyingi zilizosemwa zimezeeka zinapata nguvu tena kwa kusafishwa tu.

Kazi yenyewe, hatua kwa hatua

Kwanza, nakilini kazi zote za maana kwenye kle USB, muiondoe na kuiweka mbali. Hatua hii isirukwe.

Pili, pimeni mashini vile ilivyo. Programu HWiNFO inaonyesha joto, na programu Prime95 inafanyisha prosesere kazi nzito. Acheni dakika 30, muandike digri kwenye karatasi. Kama inapita digri 80 hata mbele ya kuongeza kitu, tengenezeni kwanza ubaridi. Msiendelee.

Tatu, washeni upya mashini mkifinya Delete au F2, mnaingia katika Biosi. Tafuteni kizidisho. Kwa prosesere yetu, wekeni 36 kwa mioyo yote minne. Volti zisiachwe kwa Auto, sababu karte nyingi zikiachiwa Auto zinaongeza volti kuliko inavyohitajika, na joto linapanda bure. Wekeni ninyi wenyewe volti ile iliyoonekana wakati wa kupima.

Nne, hifazini, rudini, pimeni tena kwa Prime95, dakika 15. Kama hakuna kosa na joto ni zuri, pandeni mpaka 37, kiisha 38, moja moja. Kitu kimoja kwa mara moja. Mtu anayebadilisha vitu vitatu pamoja, mashini ikikataa, hatajua kipi kimeleta shida.

Tano, siku mashini inazimika yenyewe, au ekrani inakuwa ya bluu, au Prime95 inatangaza kosa, mmefika kikomo cha volti ile. Hapo kuna njia mbili. Njia ya mtu mwenye akili ni kurudi nyuma hatua moja na kukaa hapo. Njia nyingine ni kuongeza volti kidogo sana, 0,02, na kupima tena. Kwa anayeanza, na prosesere hii ya mfano, tunasema volti isipite 1,35, na joto lisipite digri 80 wakati wa kazi nzito. Prosesere nyingine ziko na vipimo vyao.

Mwisho, acheni Prime95 ifanye kazi saa nyingi, usiku kucha kama kuran inakubali. Dakika 15 zinaonyesha makosa makubwa. Madogo yanataka wakati.

Kama mashini inakataa kabisa kuwaka, msiwe na woga. Ondoeni waya wa umeme, toeni pile ya duara iliyo kwenye karte mere, ile ya CR2032, ngojeni dakika chache, rudisheni. Biosi itasahau yote na kuanza upya.

Memwari iko na kazi yake peke yake

Mbele ya kugusa memwari, rudisheni prosesere kwa mwendo wake wa kwanza. Mkichanganya, hamtajua nani anakosa.

Bareti za memwari za DDR3 ziko na hesabu mbili. Ya kwanza ni mwendo: 1 333 au 1 600. Ya pili ni kungoja, inayoandikwa CL: 9, 10, 11. Fikirini treni ya mawe. Mwendo unaonyesha wago ngapi zinapita, CL inaonyesha mapigo mangapi tunangoja mpaka wago ya kwanza ifike. Bareti ya 1 333 yenye CL9 inangoja nanosekonde 13,5. Bareti ya 1 600 yenye CL11 inangoja nanosekonde 13,75. Basi wago zimekuwa nyingi, lakini ya kwanza haikuwahi. Mfanyabiashara akiwaonyesha hesabu kubwa ya kwanza, ulizeni na ya pili.

Kama bareti ziko na profili inayoitwa XMP, ichagueni katika Biosi. Mwenye kuzitengeneza amekwisha kuandika humo mwendo, kungoja na volti. DDR3 ya kawaida iko na volti 1,5. Kiisha pimeni na Memtest86+, inayowaka kutoka kle USB. Inatakiwa kumaliza angalau mzunguko mzima bila kosa hata moja. Tunasema hata moja. Kosa moja linatosha kukataa.

Kosa lisiloonekana

Watu wanaogopa mashini isiungue. Kweli prosesere ya leo ikipata joto kali inajipunguza yenyewe, kiisha inajizima. Shida kubwa ni nyingine. Memwari iliyosukumwa kupita nguvu yake inaweza kugeuza herufi moja au hesabu moja, na mashini ikaendelea kama hakuna neno. Faili inahifaziwa na kosa ndani yake. Mwanafunzi anafungua TFC yake juma moja mbele ya kuitetea, haifunguki. Mama anatoa hesabu ya deni, hesabu si ile. Mashini iliyokufa kila mtu anaiona. Mashini inayokosea kimya inakula kazi ya miezi bila mtu kujua. Ndiyo maana tumerudia neno la kupima, tutalirudia tena.

Na kuran yetu je?

Delestaji inajulikana. Kuran ikikatika wakati Biosi inahifazi, au volti ikishuka mangaribi wakati mtaa mzima unapika, mashini iliyosukumwa inaanguka mbele ya nyingine. Mwenye kuongeza mwendo awe na stabilizatere au ondulere, na alimantasio ya kweli, si ile nyepesi yenye wati nyingi kwenye karatasi tu.

Tena kuna matumizi. Wati 50 za ziada, saa 4 kila siku, kwa siku 30, ni kilowati-saa 6 kwa mwezi. Kwa umeme wa nguzo si nyingi sana. Kwa mwenye kutumia grupu, ni mafuta.

Nani afanye, nani aache

Kijana anayecheza michezo, au anayetengeneza video, na aliye na mashini inayokubali, atapata faida ya kweli. Anajifunza pia kazi ambayo inaweza kumlisha, maana anayejua kupima joto, volti na memwari anajua kutafuta ugonjwa wa mashini za wengine.

Lakini kama ordinatere ni ya kuandika, kuhesabu na kusoma, polepole yake mara nyingi haitoki kwa prosesere. Inatoka kwa diski ya zamani inayozunguka na kwa memwari iliyo ndogo. Diski ya SSD itaonekana kuliko gigaherzi moja. Na kama mashini iko na bareti moja tu, bareti mbili zilizo sawa, zikiwekwa fasi zake, zinaipa memwari njia mbili pahali pa moja, bila kuongeza volti hata kidogo.

Wazazi, mtoto akiomba kufanya kazi hii, msimkatalie mara moja. Mwambieni awaonyeshe kwanza kle USB yenye nakala za kazi za nyumba, na karatasi aliyoandika digri za mashini mbele ya kuanza. Kama viko vyote viwili, akae afanye.