Alinificha Oda, Kadi Ikamuumbua

Mwishoni mwa Novemba 2020, tukiishi London, nilikwenda kulipa kodi ya nyumba. Kadi ikagoma! Nikamgeukia mume wangu: "Hela zetu zimekwenda wapi?" Kimya.

Kumbe mwezi Septemba aliweka oda ya PlayStation 5 kwa kadi ya akaunti yetu ya pamoja. Siku anaagiza hakukatwa hata senti, akajipa moyo kwamba bado ana muda wa kuniambia. Muda ukamponyoka.

Wapenzi, hapo ndipo wengi tunaponaswa. Maduka mengi ya mtandaoni hayakati hela siku unapoagiza, hukata siku mzigo unapotumwa. Mashine ile iliingia sokoni Uingereza tarehe 19 Novemba. Karibu pauni 450 zikaondoka siku hizo hizo, kodi ikiwa mlangoni. Maduka mengine hukata zote papo hapo, mengine hutaka kianzio. Na yapo yanayoiomba benki izuie kwanza kiasi hicho. Kama kadi yako inakata moja kwa moja kwenye akaunti, hela zinakuwa bado zako, ila huzigusi.

Kwa hiyo kabla hujabonyeza, soma masharti: nakatwa leo au siku ya kutumiwa? Tarehe ukishaijua, mwambie mwenzio usiku huohuo.

Kodi tuliilipa kwa kukopa. Lakini kilichoniuma si pauni 450, ni ile miezi miwili ya kulala na mtu mwenye siri.