Kalanga, vidonge na vumbi la mawe

Siku ya mshahara wauzaji wa dawa hawakosekani mbele ya mlango wa kazi. Mwaka uliopita mmoja alileta mikebe ya unga mweupe, juu yake imeandikwa « arginine ». Alisema unaleta nguvu na unasafisha mapafu. Mwenzetu wa mashini ya kutoboa mawe, ambaye alikuwa mu mwezi wa pili wa dawa za kifua kikuu, alinunua mikebe miwili na akaacha vidonge. Kisha akanifikia: « Baba delege, hii unga iko na nguvu kupita bile bidonge. Uombe ku patron atupatie sisi bote. »

Mimi si docta, nilimaliza sekondari tu. Lakini nilibeba ule mkebe mpaka kwa docta wa kituo cha TBC, na nyuma nikaendelea kujisomea. Naandika hapa namna nilivyoelewa.

Arjinini si uchawi. Ni moja kati ya vipande vinavyojenga protini. Mwili unajitengenezea kiasi fulani, ingine tunaipata mu nyama, samaki, maharagwe, na zaidi sana mu kalanga: gramu 30, yaani kiganja kimoja, ziko na karibu gramu 1.

Katika mapafu kuna seli zinazoitwa makrofaji. Ni askari, na tena ni wafagiaji. Makrofaji ikimeza mdudu wa TBC, inaweza kuchukua arjinini na kutoa ndani yake gesi, monoksidi ya azoti, ya kumpiga yule mdudu. Sisi wa chini ya udongo tunazijua gesi za azoti: baruti ikilipuka, hakuna mtu kurudi mbele ya mwamba mpaka moshi utoke. Mwili unatengeneza kidogo sana, pale pale kwenye vita.

Shida ni kwamba makrofaji ile ile iko na kazi ya pili. Kimeng'enya kinachoitwa arjinazi kinakata arjinini, na sehemu yake moja inatumika kufunga kidonda, yaani kujenga kovu. Kovu ku mguu ni jambo zuri. Mu mapafu, nafasi ya kupumua inapungua. Na mdudu wa TBC ni mwerevu: kwa panya, watafiti waliona anaisukuma makrofaji iongeze arjinazi, basi arjinini ya kutengeneza gesi inapungua. Hata seli za T, askari wengine wa mwili, zikikosa arjinini zinachoka na haziongezeki tena. Mambo ya namna hii yako hata mu malaria: chembe nyekundu za damu zikipasuka zinamwaga arjinazi, na kwa watoto wa Tanzania waliopata malaria ya ubongo arjinini ilikutwa chini sana mu damu.

Basi tujaze tu unga? Walikwisha kujaribu. Gondar, kule Ethiopia, wagonjwa 120 wa TBC waligawanywa: wengine walipewa arjinini kwa wiki 4, wengine unga wa bure. Matokeo yalitoka 2003. Wale wasio na virusi vya ukimwi walipunguza kikohozi upesi na kuongeza kilo. Wenye virusi hawakupata faida. Mu 2011 yakatoka ya kalanga: kwa jumla, waliokula na wasiokula walipona sawasawa, lakini safari hii wenye virusi ndio walionekana kufaidika. Kichwa kinauma! Timika, kule Indonesia, mji wa mine kama yetu, walitoa gramu 6 kila siku. Mu 2013 wakatangaza: hakuna tofauti.

Na kote kule, kila mgonjwa alikuwa anameza vidonge vyake. Neno hilo muuzaji hakulisema.

Kwa sisi kuna jambo lingine. Makrofaji inameza hata vumbi la mawe, lakini silika si mdudu, gesi haiiui. Askari anakufa, vumbi linabaki, mwingine anakuja kulimeza, kovu linaongezeka. Ndiyo silikozi, na mwenye silikozi TBC inamshika kwa urahisi kupita wengine. Kwa hiyo pale wakubwa wa kazi walipotuambia mu kikao kwamba watatupa maziwa na ule unga, na habari ya maji ku mashini za kutoboa « tutaona nyuma », tulikataa kusaini. Chakula tunakipokea, asante. Lakini hatukibadilishi na maji, na masiki zenye filtre, wala na radio ya kifua kila mwaka.

Mwenzetu alirudi ku kituo. Dawa pale ni bure, ila docta alimpima makohozi upya na kumwambia kazi ya miezi miwili ilikuwa imeharibika. Leo iko mu mwezi wa ine, anameza mbele ya muganga kila asubuhi. Saa ya pose anakulaka kalanga na bukari yake. Mkebe wa pili aliniachia, uko juu ya kabati ya biro ya sendika, haujafunguliwa.

Maji ku mashini hayajafika.